Spika za marehemu mzee zinakoroma, nizitupe?

Swali: Shikamoo fundi. Mi niko Tanga. Marehemu baba aliacha amplifaya ya zamani ya Kijapani na spika mbili kubwa za mbao, zilikaa stoo miaka mingi, mwezi uliopita nikazitoa nikaunganisha na TV pamoja na simu. Zinaongea ila sauti mbovu. Kuna mlio wa mmmmm muda wote, bezi hamna kabisa, spika ya kulia inakata inarudi, na nikiongeza volyumu kidogo tu zinakoroma. Nimenunua waya mpya wa spika wa bei ya kuumiza, hakuna kilichobadilika. Fundi wa hapa mtaani kaniambia nitupe vyote nichukue sabufa. Nizitupe kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Usitupe kitu. Na usinunue kitu kingine, maana huo waya ulionunua ndo kosa lenyewe la watu wengi, mtu anasikia sauti mbovu anakimbilia dukani kabla hajajua nani mgonjwa. Ni sawa na kumnywesha dawa ya malaria mtu aliyevunjika mguu.

Ulivyonielezea hapo sioni ugonjwa mmoja, naona kama minne na kila mmoja una kwake. Mlio wa mmm una sababu zake, bezi kupotea kuna sababu zake, upande wa kulia kukata ni kitu kingine, na kukoroma ni kingine tena. Ndo maana ukibadilisha kitu kimoja husikii tofauti, unatibu kimoja vitatu vinaendelea kupiga kelele unasema dawa haifanyi kazi. Hapo watu wanakata tamaa wanauza kwa watu wa skrepa.

Sasa mbinu yangu, na sijawahi kupata nzuri zaidi yake tangu nianze kufungua redio kaseti, ni kuhamisha tatizo. Mziki wako una kulia na kushoto, na hivyo viwili ni mapacha, kila kitu kiko viwili viwili. Kwa hiyo kitu unachokitilia shaka upande wa kulia kihamishie kushoto uone kama ubovu umehama nacho au umebaki palepale. Ukihama nacho umemkamata. Usipohama huyo hana kosa, muache, nenda kwa anayefuata. Kimoja kimoja tu. Ukibadilisha viwili kwa mpigo hutajua nani kaponya nani kaharibu.

Tuanze na hiyo spika ya kulia inayokata. Zima amplifaya, chomoa na plagi ukutani kabisa, alafu nyuma ya amplifaya toa waya wa spika ya kulia uuweke kwenye matundu ya kushoto, na wa kushoto uuweke kulia. Nasisitiza zima kwanza, na angalia pasiwe na unywele mmoja wa waya unaogusa wa pembeni yake. Miaka ya mwanzo mwanzo niliunguza amplifaya ya mteja kwa unywele wa waya mwembamba kuliko uzi wa cherehani, nyekundu ikagusana na nyeusi nikawasha, pah, transista za mwisho zikaondoka na nililipa mwenyewe. Toka siku hiyo nasokota ncha za waya kama nasokota utambi wa koroboi.

Washa, sikiliza. Kama sasa boksi lilelile, lililosimama kulia sebuleni, bado ndo linalokata, basi ugonjwa uko kwenye boksi au waya wake. Kama ukataji umehamia boksi la kushoto, boksi halina tatizo, shida iko kwenye amplifaya au nyuma yake zaidi, kwenye TV na waya wa AV. Hapo unarudisha spika zako zilivyokuwa, unahamia kwenye pini za AV, ile nyekundu na nyeupe, unazibadilisha pale kwenye amplifaya. Ubovu ukihama, ni waya wa AV au TV. Usipohama, ni amplifaya. Dakika kumi tu hujatumia hata shilingi.

Mi kwa umri wa hiyo mashine na hewa ya Tanga naweka dau langu kwenye amplifaya, na sio kitu cha kutisha. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, hasa kama mnakaa karibu na maji kama Raskazone huko, kila chuma kinachogusana na chuma kwa miaka bila kuchezeshwa kinaota ukoko. Kuna nobu ya volyumu, nobu ya balansi, swichi ya kuchagua spika A na B, na kuna kile kibonyezo wengi hawakijui kimeandikwa TAPE MONITOR, hicho kina kesi nyingi sana. Kilikuwa cha kusikilizia deki ya kaseti wakati unarekodi, kikibonyezwa bila deki mziki unapotea kabisa, na kikiwa na ukoko ndani upande mmoja unakata. Nimeshaletewa amplifaya kutoka mbali mtu kalipa nauli ya basi, nikabonyeza kibonyezo mara ishirini ikapona mbele yake, nikaona aibu kumdai hela.

Kwa hiyo fanya hivi. Ikiwa imezimwa, zungusha kila nobu mwanzo mpaka mwisho mara thelathini arobaini, bonyeza kila kibonyezo hivyohivyo. Inakwangua ukoko. Washa usikilize, ukiona nafuu hata kidogo umeshajua ni uchafu wa kontakti, hatua inayofuata ni dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, wanauza maduka ya vifaa vya umeme, unapuliza kidogo kwenye kitundu cha nyuma ya nobu alafu unazungusha tena. Tafadhali usiweke mafuta ya cherehani wala mafuta ya taa. Yanateleza vizuri siku mbili, alafu yanakusanya vumbi yanakuwa tope.

Kama nobu zimezungushwa na bado, sikiliza hivi: je, upande wa kulia unapotea mziki ukiwa chini alafu ukipandisha ghafla unarudi kwa kishindo? Hiyo ni relei. Ni kile kidude kinachosema "tak" sekunde chache baada ya kuwasha, kinaunganisha spika. Vidomo vyake vikiungua, sauti ndogo haina nguvu ya kupita, kubwa inapasua njia. Relei inabadilishwa na fundi, na sio kitu cha gharama.

Twende kwenye mmmm, mana huo ndo unaowachosha watu na ndo una uongo mwingi mtaani, utaambiwa "ni transfoma hiyo, haiponi".

Chomoa kila kitu nyuma ya amplifaya isipokuwa spika na umeme. TV toa, simu toa, kila kitu. Volyumu iweke sifuri. Washa. Mmm bado ipo au imekufa?

Ikiwa imekufa, amplifaya yako ni nzima, mlio unaletwa na wageni. Rudisha mmoja mmoja. Nina uhakika mkubwa utarudi ukichomeka TV, na chanzo chenyewe hata sio TV, ni waya wa dishi au antena unaoingia kwenye king'amuzi. Dishi limefungwa kwenye bomba la chuma, bomba limegusa bati au ukuta, kwa hiyo waya unakuja na erthi yake ya huko nje, amplifaya na TV wana erthi yao ya soketi, na hizo erthi mbili hazilingani, umeme kidogo unazunguka baina yao kupitia soksi ya waya wa AV, yani ule wavu wa nyuzi unaozunguka waya wa katikati, spika inauimba. Umeme wetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde kwa hiyo unasikia mlio mnene wa chini. Kuthibitisha ni rahisi, fungulia ule waya wa dishi nyuma ya king'amuzi huku mziki umewashwa. Mmm ikikatika palepale umemkamata mwizi mchana kweupe.

Dawa yake, kwanza TV, king'amuzi na amplifaya vyote viwe kwenye ekstensheni moja, sio hiki soketi hii kile soketi ya ukuta wa pili. Mara nyingi inapungua. Ikibaki kuna kifaa kidogo kina transfoma mbili ndani za kutenganisha, unakichomeka katikati ya waya wa AV, sauti inapita ila ile erthi haipiti. Muulize muuza vifaa vya redio za magari, kwenye magari shida hii ni ya kila siku. Kitu ambacho sitaki kusikia umefanya ni kukata mguu wa erthi kwenye plagi. Ni kweli mlio utaondoka. Na siku waya wa ndani ukigusa bodi ya chuma wewe ndo utakuwa erthi.

Simu nayo, mlio wake ni tofauti, sio mmm ni kama nzige, ziiii, na unakuja simu ikiwa kwenye chaji huku umechomeka waya wa jeki. Toa chaji uone.

Na ukiona badala ya mmm laini inapiga kelele kubwa ya BZZZZ na ukishika pini ya AV kwa vidole inabadilika, soksi ya waya wa AV imekatika ndani, mara nyingi pale inapoingia kwenye pini. Kata upya ulehemu au nunua mwingine wa bei ya kawaida.

Sasa ikiwa umechomoa kila kitu, volyumu sifuri, na bado mmm inaendelea kama jenereta ya jirani, hapo ni amplifaya yenyewe na mshtakiwa wa kwanza ni kapasita kubwa za umeme, zile mbili kama makopo ya maziwa madogo. Kazi yake ni kulainisha umeme baada ya kutoka kwenye transfoma. Ndani zina majimaji, majimaji yanakauka na miaka, na joto linaharakisha. Ukifungua mfuniko unaweza kukuta zimevimba kichwani au zimelia, kuna ukoko wa kahawia chini yake. Mlio wake una kacha fulani hivi, hauko laini kama ule wa dishi, kwa sababu umeme ukipita kwenye dayodi mizunguko inakuwa 100 badala ya 50. Masikio yakizoea unatofautisha ukiwa bado mlangoni.

Kubadilisha kapasita mpe fundi, sio wewe. Zinashika chaji hata ukichomoa umeme. Mwambie aweke zenye maikrofaradi zilezile na volti zilezile au volti zaidi, asipunguze volti hata kama zilizoko dukani ni za pungufu na anakwambia "itashika tu".

Hapa niingize neno ambalo nilitamani ungeniuliza kabla hujaiwasha. Amplifaya iliyolala stoo miaka mingi usiichomeke tu moja kwa moja. Sisi tunaiwasha kupitia balbu, ile ya zamani ya waya wa moto, wati 60 au 100, imefungwa kwenye njia moja ya umeme. Ikiwaka mara moja kwa nguvu alafu ikafifia, kuna uzima. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti na balbu imekuokolea mashine. Yako imeshawaka hivyo umevuka, lakini wengine wanaosoma hapa wana za mitumba kutoka Japani, nawaomba kabla ya kuchomeka geuza nyuma usome volti. Za soko la ndani la Japani ni volti 100. Ukiipa 230 zetu itaimba sekunde moja alafu moshi.

Bezi sasa. Hapa usimuulize amplifaya, muulize nyekundu na nyeusi.

Spika ina chanya na hasi. Ukifunga ya kushoto vizuri na ya kulia ukaigeuza, moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta. Sauti nyembamba hazijali sana lakini bezi zinauana hapo katikati ya chumba, unabaki na mziki kama wa redio ndogo ya mkulima. Na dalili nyingine, sauti ya muimbaji haikai katikati, inakuwa kama iko nyuma ya kichwa chako au haieleweki inatoka wapi. Kama una rekodi ya zamani ya mono, tuseme zile taarabu za enzi za Black Star hapo hapo kwenu Tanga, weka hiyo ukae katikati ya spika mbili. Alafu zima, geuza nyekundu na nyeusi kwenye spika MOJA tu, washa tena. Moja ya njia hizo mbili itakuwa na bezi na sauti itasimama katikati kama mtu kakaa mbele yako. Iache hapo.

Ila usijiamini na rangi za nyuma ya boksi, mana hujui nani aliwahi kufungua hizo spika akarudisha waya za ndani anavyojua yeye. Chukua betri moja ya volti 1.5, ile ya saa ya ukutani inatosha. Toa waya wote wa amplifaya kwenye spika, toa na kitambaa cha mbele uone karatasi, yani ile sahani ya spika inayotetemeka. Gusisha chanya ya betri kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi, mguso wa kufumba na kufumbua. Karatasi ya ile spika kubwa inaruka mbele au inarudi ndani. Fanya na ya pili. Zote zinatakiwa zifanye kitu kimoja. Ikiwa moja inatoka nyingine inaingia, umeshapata jibu lako la bezi. Na ikiwa haitikisiki kabisa, husikii hata "tup", koili, ule waya uliosukwa nyuma ya karatasi, imekatika au waya wa ndani umeachia.

Ukiwa umeshatoa hicho kitambaa, tulia hapo angalia pembeni ya karatasi, ule mduara laini unaoishikilia kwenye chuma. Hapa ndo roho ya jibu langu lote, na nadhani hapa ndo fundi wako angetakiwa akuoneshe kabla ya kutaja sabufa. Spika nyingi za miaka ya themanini zilikuwa na mduara wa sponji. Sponji ile inakufa yenyewe hata spika isipopigwa, miaka kumi na tano ishirini hivi inaanza kuoza, na unyevu na joto vinaiwahisha. Iguse kwa kidole taratibu. Kama inabonyea na kurudi ni nzima. Kama inanata kama gundi au inamong'onyoka kama keki iliyokauka na kidole kinabaki cheusi, imekwisha. Zako zilikaa stoo Tanga, sitashangaa ukiikuta imeshadondoka vipande chini kwenye mbao.

Sponji ikikatika karatasi haina mtu wa kuishikilia, inayumba, koili inakwangua sumaku, ndo huo mkoromo unaousikia ukiongeza sauti. Na bezi inavuja pembeni, hewa ya nyuma inakutana na ya mbele zinauana. Yani dalili zako mbili kati ya nne zinaweza kuwa zimetoka kwenye kipande cha sponji chenye upana wa kidole.

Pima hivi. Weka vidole vya mikono miwili kuzunguka karatasi, karibu na katikati, sukuma ndani polepole na sawasawa pande zote, weka sikio karibu. Isukumike kimya. Ukisikia kwrr kwrr kama msasa, koili inagusa. Ikigusa kwa sababu sponji imelegea, kubadilisha mduara kutaiponya. Ikiwa mduara ni mzima na bado inakwaruza, koili imeungua ikavimba au kuna mchanga umeingia, hiyo inahitaji kusukwa koili upya.

Mduara unabadilishwa na wale mafundi wanaosuka spika, wapo kila mji, na unahitaji tu kujua kipenyo, inchi 8, inchi 10, pima chuma kutoka ukingo hadi ukingo. Siku hizi wanaweka wa raba, unadumu zaidi kwenye hali ya hewa yetu. Mwambie abandike zote mbili kwa pamoja hata kama moja inaonekana ina afadhali, zikiwa za aina tofauti hazitaimba sawa. Na asitumie supagluu tafadhali, inakauka ngumu kama kioo, karatasi inapasuka pembeni yake.

Kama una multimita pima pia omu kwenye matundu ya nyuma ya spika ikiwa haijaunganishwa. Spika iliyoandikwa omu 8 itasoma sita hivi, sita na nusu, ya omu 4 itasoma tatu na kitu. Usishtuke kwamba ni pungufu, ndivyo ilivyo, ile nane inahesabiwa mziki ukiwa unapita. Kinachonishtua mimi ni ikisoma moja, au isisome kabisa, au kulia na kushoto zikitofautiana sana.

Alafu chungulia lile tundu la bezi kwenye boksi kwa tochi ya simu. Usicheke. Nimeshatoa humo viota vya nyigu, panya na watoto wake, na soksi za mtoto. Ndani ya amplifaya napo mende wanapenda joto la transfoma, na mjusi akikatiza pasipotakiwa anakufa na fyuzi yake.

Kukoroma kunaweza pia kusiwe spika. Amplifaya ikiombwa zaidi ya uwezo wake inakata vichwa vya mawimbi, sauti inakuwa chafu kama mtu anaongea na maji mdomoni. Na kibaya zaidi ule uchafu unaunguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, kwa hiyo spika nyingi zinauliwa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa. Ukisikia inaanza kuchafuka rudisha nyuma. Angalia pia umeweka bezi na trebo wapi, kama zote umezipeleka mwisho wa kulia na LOUDNESS umebonyeza na kwenye simu nako umewasha ekwalaiza ya "bass booster", unakoromesha mwenyewe. Zirudishe zote katikati, zima hiyo ya simu, anza upya.

Waya wa spika sitauongelea sana kwa vile umeshanunua. Kwa sebule ya kawaida, meta nne tano, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unaofungiwa taa unatosha kabisa. Ila kwangua kidogo kwa wembe, ukiona ndani ni mweupe ni aluminiamu imepakwa shaba, inafanya kazi lakini umelipishwa bei ya shaba. Na kata inchi moja pale ulipokaa wazi ukiona umepiga kijani, ncha mpya ni bora kuliko waya mpya.

Simu unaunganishaje? Kama ni kwa waya wa jeki, volyumu ya simu iweke karibu na mwisho, sio mwisho kabisa, alafu uongezee kwenye amplifaya. Wengi wanafanya kinyume, simu iko nusu amplifaya iko juu, wanapandisha na uchafu wote. Bluututhi haina ubaya kwa matumizi ya nyumbani, watu wanaisingizia. Nyimbo ndo zenye ubaya. Wimbo uliotumiwa WhatsApp na mtu aliyeutoa kwenye video ambayo nayo ilirekodiwa kutoka redioni, hakuna spika duniani itakayoufufua. Kabla hujahukumu spika za mzee tafuta faili moja safi, MP3 ya kilobiti 320 au sidii halisi, ndo uwe mzani wako wa kupimia kila siku.

Na chumba. Sebule zetu nyingi ni saruji, marumaru chini, madirisha ya vioo, bati au jipsam juu, sauti inagonga inarudi. Piga kofi moja katikati ya chumba, ukisikia "taaang" ya kurudi, ndo kitu kinachoharibu maneno ya nyimbo. Zulia mbele ya spika na pazia zito vinafanya kazi kubwa. Spika usizibane kwenye kona, kona inakuza bezi lakini moja tu, inavuma noti ileile. Kuna hesabu yake: sauti inakwenda kama meta 343 kwa sekunde, chumba kikiwa na urefu wa meta tatu na nusu, gawa 343 kwa mara mbili ya huo urefu, yani saba, unapata mizunguko 49 kwa sekunde. Basi noti ya karibu na 49 ndo itakayovuma humo na madirisha yatatetemeka, nyingine zitasikika dhaifu. Zisogeze mbele nusu meta kutoka ukutani, sikiliza, sogeza tena. Ni bure.

Kuhusu sabufa, sina ugomvi nazo, nyumbani kwangu ipo jikoni. Ila usidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Nimeshashika moja imeandikwa wati 8000 PMPO, nikageuza nyuma kusoma stika ya umeme, inakula wati 60. Sasa hizo nyingine zinatoka wapi, kwa Mungu? Amplifaya ya mzee yenye wati 40 za kweli kila upande na maboksi ya mbao mazito yatakupa kitu ambacho hilo boksi la plastiki halina.

Kwa hiyo wikiendi hii anza na kutoa vitambaa vya mbele na kugusa sponji, kabla ya yote, mana kama imeoza usiendelee kupiga mziki hata kwa sauti ya chini, koili itaharibika na hapo ndo gharama inapanda. Alafu nobu, alafu mmm na waya wa dishi, alafu betri. Niandikie omu za kulia zimesoma ngapi na za kushoto ngapi, na mmm ilikufa ulipochomoa nini. Kama kuna maandishi nyuma ya ile spika kubwa, kwenye sumaku, nipigie picha na hayo.